Masufuria Yaliyolazwa

Tangu mama yake apelekwe Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, Alifiya, mtoto wa miaka mitano, alikuwa hasemi. Alishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa katika duka la vitambaa na vyombo la babu yake, Lindi mjini, akitafuna pindo la gauni. Babu, Mzee Gulamhussein, alimnunulia mwanasesere anayelia akibonyezwa. Alifiya alimbonyeza mara moja, akamrudisha.

Siku ya nne akaja Kazija, binti wa jirani, mwenye miaka sita na mdomo wa mtu mzima. Akachungulia chini ya meza.

"Wewe mgonjwa au nesi?"

Alifiya akazidi kutafuna pindo.

"Basi nesi. Daktari mimi. Toka, wagonjwa wamejaa."

Babu alikuwa uani akiswali adhuhuri. Aliporudi, masufuria kumi na mawili yalikuwa yamelala sakafuni kwa mstari, yamefunikwa khanga mpya. Birika lilifungwa bendeji ya lesi, ile lesi ya maharusi. Ndoo moja ilitengwa peke yake mlangoni.

"Hiyo ina kipindupindu," Kazija alieleza. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kakata lesi yangu?"

Daktari akamtazama nesi. Nesi akatazama dari.

Kabla Mzee hajafoka, akaingia mteja, Mama Magdalena wa Mchinga, aliyekuwa na shughuli ya kumtoa mwali. Akaonyesha sufuria kubwa kuliko yote. "Naomba hilo."

"Huyo haendi," ilisema sauti nyembamba. "Kapasuliwa leo."

Mzee Gulamhussein aliganda. Alifiya alikuwa amesema!

Mama Magdalena, aliyelea watoto saba, hakucheka. "Maskini. Alikuwa na nini?"

"Jiwe tumboni. Limetolewa. Ila mtoto wake hajui kama atarudi."

"Kwani hajaambiwa?"

"Hajaambiwa kitu. Kaletewa mwanasesere."

Mzee akakaa juu ya robota la vitambaa, pu!

"Na huyu kazidiwa," Kazija alitangaza. "Mlaze!"

Wakamlaza kwenye mkeka, kofia yake wakaiweka kifuani. Nesi alimpapasa paji la uso kwa kiganja chenye vumbi.

"Unaumwa wapi?"

"Moyo," alisema Mzee, na safari hii hakuwa akicheza. "Binti yangu yuko hospitali. Naogopa."

Alifiya alifikiri. "Hata mimi naogopa."

"Jana alikunywa uji, mjukuu wangu. Anakaa kitandani mwenyewe. Amekuulizia. Sikukwambia, nilidhani wewe mdogo mno."

"Mimi nesi," alisema Alifiya.

"Kweli. Nisamehe, nesi."

"Utachomwa sindano mbili."

Alimchoma pajani kwa penseli, ya pili kwa nguvu zaidi, mpaka Mzee akapiga ukelele wa kweli. Alifiya akacheka, akajirusha juu ya tumbo la mgonjwa, ndipo akalia, kilio kirefu cha siku nne, huku babu akimshika mgongo. Kazija aliwasubiri kidogo, kisha akauliza kama wodi imefungwa au vipi.

Jioni walimpigia mama simu. Alifiya aliongea mpaka chaji ikaisha.

Sufuria kubwa liliruhusiwa siku hiyohiyo, pamoja na karatasi ya daktari: sufuria lenye miguu na meno, lililochorwa na Alifiya, na sharti alilolitamka mwenyewe, kwamba mgonjwa asipikiwe pilipili siku tatu. Mama Magdalena aliapa kulitimiza. Wageni wa shughuli kule Mchinga walinung'unika sana kuhusu mchuzi ule, naye akawajibu kwamba ni amri ya hospitali.