Shabaha za Mama Arlène

Marcelline alikuwa na dharau ya kutosha jengo zima la ghorofa tisa pale mtaani Berea, lakini fungu kubwa alimwekea mumewe, Hénock. Hakumtukana. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akipiga pasi, kisha akasonya kidogo na kuendelea na kola ya shati la mteja.

Siku hiyo Hénock alikuwa amefeli mtihani wa bunduki mara ya pili. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilimtoa getini ili imweke kwenye magari ya kusindikiza mizigo, na huko walinzi hubeba bunduki ndefu. Mtihani wenyewe ni risasi kumi. Saba lazima ziingie kwenye duara jeusi. Mara ya kwanza aliingiza tatu. Mara hii nne. Mtihani wa tatu ungekuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na baada ya huo hakuna mwingine. Getini walikwisha kuweka mtu. Akifeli, atarudi kuzunguka na bahasha ya vyeti, na miaka yake arobaini na sita.

"Lakini kwa Commandant ninapiga munane, Mama Arlène," alisema Hénock, bado amevaa buti. "Kila Jumamosi, munane, siku ingine tisa. Huko kwa mtihani sijui moyo inafanya nini."

Commandant alikuwa Gradi, aliyekodi nafasi mbili kwenye uwanja wa shabaha kusini mwa jiji, nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi, akifundisha walinzi wa Kikongo na yeyote mwingine mwenye hela. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alisimulia vita kana kwamba yeye ndiye aliyevipanga. Marcelline alimfahamu tangu Uvira, kwao Kongo. Kambini kule Gradi alikuwa mgawa maharagwe, na hata hayo maharagwe alikuwa akipunja.

Ukutani, juu ya kochi, ilining'inia karatasi ya shabaha kutoka kwa Gradi, yenye matundu manane na maneno ya kalamu nyekundu: *Tireur d'élite*, mlenga shabaha bingwa. Hénock aliitia fremu ya kioo, mwanamume mzima, kama mtoto aliyepewa nyota na mwalimu wa chekechea. Karatasi ya mtihani alioufeli aliirudisha imekunjwa kwapani, akitaka kuitupa. Marcelline akamnyang'anya. Karatasi nzito namna ile fundi cherehani kama yeye haitupi. Mgongoni mwake huchorwa kiolezo cha mkono wa koti.

Alipoitandaza juu ya meza ya kukatia, jicho lake likakwama. Akatazama ukutani, akatazama mezani. Akaishusha fremu, akang'oa kioo, akaziweka karatasi mbili pamoja na kuvuta futi kutoka shingoni. Duara la mtihani lilikuwa sentimita ishirini. La Gradi lilikuwa ishirini na sita.

Marcelline alicheka mpaka akakaa chini. Mchezo ule aliujua kuliko Gradi. Akina mama wa kanisani wenye kiuno cha arobaini na mbili aliwashonea sketi na kuwabandikia lebo ya thelathini na nane, wakatoka wakitembea kwa maringo, na mwezi uliofuata wakarudi. Yeye hakuona aibu kwa hilo. Sketi haijamfukuzisha mtu kazi. Lakini huyu mgawa maharagwe alikuwa akiwapunguzia kiuno wanaume wenye bunduki, na kila aliyefeli alirudi kwake kulipia masomo upya, huku akimshukuru.

"Amekushonea sketi, Baba Arlène," alisema, akimwonyesha futi. "Na weye ukaivaa, ukazunguka nayo mbele ya watu."

Hénock alipima mwenyewe mara mbili. Kisha akasema basi wanunue shabaha za kweli, zile za dukani.

"Dukani! Karatasi ya kutoboa? Mimi na wewe tuna akili?"

Akazitengeneza mwenyewe. Alichukua karatasi za kukatia nguo zilizokwisha kazi, akaomba maboksi matupu kwenye spaza, kiduka cha chini, akakoroga gundi ya unga wa ngano jikoni na kuzibandika karatasi juu ya maboksi ili zisipeperuke. Duara alilichora kwa uzi na pini, penseli ikiwa upande wa pili, sentimita kumi kutoka katikati, hakuna zaidi. Weusi ulitoka kwenye kopo la kiwi ya viatu. Kisha akakata vipande vidogo vya magazeti kama stempu, vya kuzibia matundu, ili boksi moja lipigwe mara sita au saba kabla ya kutupwa. Kazi yote ilikwisha kabla ya chakula cha mchana, na gundi iliyobaki akaifungia bahasha za wateja.

Jumamosi walikwenda na gari la Rajab, Mtanzania aliyelinda lango moja na Hénock zamani na ambaye naye alikuwa akingoja mtihani. Gradi alipoyaona maboksi, alivua miwani kwa mara ya kwanza.

"Bon, Mama Arlène, hii haiko shabaha. Iko ya kufungia mandazi."

"Ipige basi, Commandant. Mandazi haikimbii."

Gradi hakuipiga. Alisema bega lilikuwa likimuuma. Hénock alilala chini akapiga, na kati ya risasi kumi tatu zikaingia. Rajab, aliyezoea tisa, akaingiza mbili, akasimama na kuitazama bunduki kana kwamba imemtukania mama.

"Mama Arlène, samahani sana, lakini karatasi yako ina roho mbaya."

Marcelline akapima mbele yao wote, walinzi saba na mwalimu wao, shabaha ya mtihani, ya Gradi, na ya kwake. Akasoma namba kwa sauti. Alitegemea watamkaba Gradi koo. Wanaume wakaangalia viatu. Mmoja akasema labda za mtihani ndizo zilizokosewa. Jumamosi iliyofuata wengine wote walikuwa kwenye shabaha za Gradi, Rajab akiwa wa kwanza kwenye foleni, wakipongezana kwa nane na tisa. Marcelline aliwatazama akasonya. Mjinga aliyedanganywa angeweza kumvumilia, lakini hawa waliuona ukweli kwa futi, wakaukataa, na wakalipa tena.

Hénock peke yake alibaki kwenye maboksi. Alipata nne. Wiki iliyofuata, tano. Kila baada ya risasi kumi Marcelline alikwenda na kikopo cha gundi, akaziba matundu, akarudi na neno.

"Hii imepita mbali. Ingekuwa mwizi, angekusalimia."

"Hii nayo ulimlenga nani, jirani?"

Hénock alijipangusa mchanga, akalala tena. Wale wengine walimcheka, hasa Gradi, na Marcelline alipowasikia wakicheka hakukasirika kama alivyopaswa, kwa sababu naye moyoni alikuwa akicheka.

Ijumaa ya mwisho alikaa kuchora boksi la kesho. Alichoma pini katikati, akapima uzi sentimita kumi. Akafikiria tano. Katika wiki zote hizo mtu huyu hajavuka tano, na mtihani umebakiza siku tatu. Akamwona akirudi Jumatatu na buti zake. Basi apate hata siku moja ya furaha, aliwaza, aingie kule kichwa kikiwa juu. Akaulegeza uzi kidogo, penseli ikazunguka, akapaka kiwi.

Jumamosi Hénock alipiga nane.

Rajab alipiga mayowe, akamkumbatia. "Sharp, kaka! Umeiva!" Hata Gradi alipiga makofi mawili, akisema matunda ya mafunzo yake yameanza kuonekana. Hénock hakucheka. Alitembea mpaka kwenye boksi, akalipima duara kwa kiganja, kisha akarudi na kunyoosha mkono.

"Nipe futi."

"Ya nini? Umepiga vizuri, shukuru."

Akaitoa mwenyewe shingoni mwa mkewe, bila kumgusa. Akaenda akapima. Ishirini na tatu. Akapima tena kwa upana mwingine, kama alivyomwona yeye akifanya siku zote, kisha akarudi.

"Gradi alinidanganya juu ya kutafuta pesa," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Weye, juu ya nini?"

"Nilitaka upate moyo, Baba Arlène."

"Hapana. Ulishaona nimefeli. Ukanishonea sketi ya kuendea."

Marcelline alijua ni kweli, na kwamba ni jambo baya kuliko dharau zote alizowahi kumwonyesha mumewe. Hénock alichukua boksi la wiki iliyopita, lililojaa viraka, akalitundika mwenyewe, akapiga risasi zake kumi za mwisho. Alihesabu peke yake, akaziba matundu yote kabla ya mtu kusogea, na njiani kurudi alikaa mbele na Rajab wakiongea habari za mpira.

Jumatatu Marcelline alishona tangu asubuhi, simu ikiwa mezani kando ya mkasi. Hadi saa nane ilikuwa bado haijalia. Iliyolia ilikuwa simu ya binti yao Arlène, chumba cha pili, na alimsikia mtoto akipiga kelele kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu, kisha akicheka. Akasimama mara moja, pini mdomoni.

Arlène alitokea mlangoni, simu sikioni. "Papa amepita, Mama! Saba! Saba ndani!"

"Nipe niongee naye."

Msichana akasema jambo kwenye simu, akasikiliza. Tabasamu likamtoka polepole. Alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu, akitafuta maneno katika Kiswahili chake kidogo.

"Anasema... anasema nikuambie tu," alisema Arlène. "Weye uendelee na kazi."