Mafuta kwenye Breki za Effie

Gari lilishuka kilima cha kanisa, likaipita alama ya kusimama, likaingia katikati ya njia panda. Effie Beaton alikuwa ameikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori la samaki likawakwepa, honi ikilia mpaka bondeni. Gari lilipokubali kusimama, bibi yake Murdena aliushika vizuri mkoba wake mapajani.

"Effie," akasema, "mimi nilikwambia nakwenda kusafishwa damu. Sikusema nakwenda kuzikwa."

Mara tatu kwa wiki Effie humpeleka hospitali, mwendo wa saa nzima, na hakuna mwingine wa kumpeleka. Siku ile jirani alipita akamchukua. Kabla ya kuufunga mlango wa jirani, bibi akatamka, "Hizo breki ulizochagua mwenyewe, mimi sizipandi tena."

Neno hilo lilimchoma. Miezi mitatu Effie alikuwa amechungulia chini ya magari ya watu, akiuliza, akisoma maandishi ya maboksi dukani. Majira ya baridi yaliyopita, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu iliingia nyuma ya pedi za zamani, zile zinazobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, kutu ikavimba, kitambaa cha breki kikabanduka kwenye bati lake. Safari hii alichagua pedi ambazo mabati yake yana mpako wa zinki, na kitambaa kimeshikwa kwa meno ya chuma, si gundi tupu. Diski nazo alichukua zenye mpako wa kijivu. Akazifunga kwa mikono yake, na mwezi mzima zilishika vizuri.

Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Jana yake gari lilikuwa kwa Hector.

Huko Cape Breton, kisiwa cha Kanada chenye baridi kali, kila Oktoba, kabla ya chumvi kuanza, watu hupeleka magari kupuliziwa mafuta ya kuzuia kutu uvunguni, halafu huyaendesha kwenye njia ya vumbi ili vumbi ligande na mafuta yasichuruzike. Hector ndiye mpulizaji wa kijiji kizima. Mafuta, kwake, ni dawa ya kila kitu.

Effie alilirudisha gari polepole kwa gia ya kwanza, akalisimamisha mbele ya gereji ya Hector kwa breki ya mkono. Wanaume wawili walikuwa wakinywa chai naye mlangoni.

"Pedi za bei rahisi hizo, mwanangu," Hector akasema kabla hajaulizwa. "Ulichagua boksi lenye picha nzuri."

Wale wawili wakacheka. Effie alitoa jeki yake, akafungua nati tano, akaweka tairi chini. Akachukua karatasi nyeupe ya kufutia mikono, akaipitisha kwenye uso wa diski, akamwonyesha Hector. Karatasi ilikuwa imegeuka njano, inanuka mafuta ya gereji yake.

"Yalirukia tu," Hector akasema.

"Pande zote mbili? Magurudumu yote manne?"

Hector akavua kofia, akajikuna. "Asubuhi ile kulikuwa na umande. Niliona diski zimeota kutu nyekundu usoni, nikazihurumia. Nikasema nimsaidie mtoto wa watu."

Wale wa chai wakaweka vikombe chini.

"Ile kutu ya usiku mmoja pedi huifuta ukikanyaga mara moja," Effie akasema, na sauti yake, ambayo haikuzoea kupanda, ilipanda. "Mpako ni wa kulinda katikati na ukingo, pale pedi isipofika. Wewe umepaka mafuta pale panaposhika. Halafu unasimama hapa unazicheka pedi zangu. Bibi yangu alikuwa ndani ya gari, Hector."

Hector mwenyewe alikwenda mjini kuleta pedi, zilezile alizozichagua Effie, maana zilizolowa mafuta hazisafishiki. Alirudi akaziosha diski kwa dawa ya kusafishia breki. Mkono wake ulipokwenda kwenye brashi ya waya, kwa mazoea tu, Effie aliichukua brashi akaitia mfukoni mwake.

"Utaukwangua mpako."

Alipomaliza kufunga pedi mpya, Effie akamfungulia Hector mlango wa abiria.

"Mimi? Nina kazi."

"Bibi alikaa hapohapo."

Akakaa. Waliipita barabara ya pwani, Effie akiongeza mwendo na kuupunguza bila kusimama kabisa, mara kumi, ili pedi mpya zizoeane na diski. Hector hakuuachia mpini wa mlango. Mwisho wakashuka kilima cha kanisa. Gari likasimama hatua mbili kabla ya mstari.

"Imeshika," Hector akasema kwa sauti ndogo.

"Usiniambie mimi."

Murdena alikuwa amesharudi, ameketi dirishani na chai yake. Hector alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Pedi za Effie hazina kosa, Murdena. Mimi nilipaka breki mafuta."

Bibi alimtazama, akamtazama na Effie, aliyekuwa bado na brashi ya waya mfukoni.

"Breki," akasema. "Ulipaka breki mafuta."

"Nilipaka."

"Basi Alhamisi, siku yangu ya hospitali, saa moja asubuhi uwe hapa. Wewe utakaa mbele, mimi nyuma. Effie ndiye dereva."