Makaburi ya Rweyani

Asubuhi moja ya mwaka 1936, Joviana alikuwa anachuma kahawa huko Ngenge, nchi ya Wahaya, wakati mumewe, Aroni, alipoanguka chini ya mgomba aliokuwa anauondolea majani makavu, akafa. Walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Urundi miaka kumi na mmoja nyuma. Aliyewapokea ni mzee Byabato, mwenye kibanja, shamba lile la migomba na kahawa, ambaye hakuwa mtu mbaya mradi usimwombe kitu.

Wahaya huzika wafu wao kibanjani, kando ya nyumba, na mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Byabato alilijua hilo kuliko katekista alivyojua sala zake.

"Pole sana, mama," alimwambia Joviana. "Lakini akilala hapa, kesho wanao watasema hapa ni kwao."

"Basi alale wapi, waitu?" Joviana aliuliza kwa heshima.

Byabato akanyoosha fimbo kuelekea rweya, ile nyika ya majani makavu ambayo hata mbuzi waliipita bila kusimama. Wakamzika huko.

Siku ya tatu Aroni alionekana anakata majani na kuyatandaza ardhini. Hakuna aliyeshtuka, hata alipokuwa hai hakupenda kukaa bure. Joviana akampelekea jembe lake. Kila mhamiaji mwenzake aliyekufa baada yake alizikwa hapohapo, akapumzika kidogo, kisha akashika kazi. Walilima tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, na Jumapili hawakugusa jembe, maana walikuwa Wakatoliki. Samadi hawakuwa nayo, lakini muda walikuwa nao.

Kufikia mwaka 1943 makaburi yalikuwa kumi na manne, udongo umekuwa mweusi, kahawa imeshika, na mikungu ya ndizi ilihitaji watu wawili kuibeba. Wahamiaji waliobaki hai walikula humo wakashiba. Joviana alifurahi mno, na tuseme ukweli, si kwa sababu ya ndizi. Kando ya kaburi lake Aroni alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Hapa sijapanda kitu," alimwambia. "Ni pako. Ila usiharakishe."

Byabato akaja kutazama ndizi. Akaja tena. Mara ya tatu alikuja na mifupa ya baba yake, Kagaruki, imefungwa vizuri kwa nguo ya magome. Akaizika katika nafasi ile, kwa rubisi, pombe ya ndizi, na machozi ya kutosha, kisha akaita baraza.

Wazee wa baraza walizunguka shamba lote wakikanyaga kwa adabu, wakakubaliana kwamba kaburi lipo, moja.

"Ni kumi na tano," alisema Joviana.

"Tunahesabu ya wenyeji, mama," mzee mmoja alimjibu kwa upole kabisa.

Byabato akapewa shamba. Kagaruki naye aliamka siku yake ilipofika, akaomba kigoda, akakaa kivulini na kuwapangia kazi wale kumi na wanne. Walimtii. Walikuwa wamezoea.

Joviana alilia, akakasirika, akaenda barazani mara mbili na kurudi mikono mitupu. Alikufa mwaka 1947, akazikwa kwenye rweya nyingine, ng'ambo ya kijito, ambako ardhi ilikuwa haijatamaniwa bado na mtu. Wiki hiyohiyo alionekana anakata majani peke yake kwa mundu mdogo.

Aroni aliomba ruhusa ya kwenda kumwona. Kagaruki, bila kuinuka kigodani, akamwambia kahawa imeiva.