Kona ya Seneta Haskin

Gavana Brennick alikuja mjini kwetu kuomba kura za urais, na basi lililochorwa uso wake. Seneta Haskin alikuja akiendesha gari lake mwenyewe, limejaa matope, akaliegesha kwenye theluji mbele ya nyumba yangu. Tuliokuwa tunamsubiri sebuleni hatukujaza hata viti. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Yeye akavua viatu mlangoni, akala pai yangu ya cheri, akatuhutubia kama vile tumejaza uwanja. Nikiwa rais, alisema, vijana wanarudi kutoka Iraki mwaka huohuo. Hakuzungukazunguka.

Hilo tu ndilo nililotaka kusikia. Darrin, mwanangu wa pekee, alikuwa anarudishwa vitani mwezi Machi, mara ya tatu.

Mume wangu Verlyn alijificha bandani na trekta lake mpaka mgeni alipoondoka.

"Huyo mtu wako hata kwenye televisheni hawamwaliki," akanicheka. "Kura unaitupa, Mama Darrin."

"Na wewe Brennick unampendea nini?"

"Atashinda."

"Haya, kamuoe basi."

Verlyn ana maneno ya kila kitu, bei ya mahindi, mvua, majirani, ila ya Darrin hana. Ukimtajia Machi anatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao ameshawaangalia. Nilikuwa nimemchoka, sifichi.

Kwetu Iowa mchujo wa chama, wa kumpata mgombea urais, haufanywi kwa siri. Jioni ya mchujo tulikusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu akasimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wote wakimwona. Kona isiyofikisha idadi iliyowekwa inavunjwa, watu wake wahamie nyingine. Verlyn, kwa ajili ya goti lake bovu, alibeba kiti cha chuma cha kukunja, akakaa katikati ya watu wa Brennick na beji kifuani. Sisi wa Haskin tulijibanza chini ya goli la kikapu.

LaVonne, mwenyekiti wa mkutano, alituhesabu mara mbili, akanigeukia mimi.

"Ardith, amepungua mtu mmoja. Mna nusu saa ya kumtafuta. Mkimkosa, mtawanyike."

"Njooni huku kwenye joto," watu wa Brennick wakatuita, wakipunga biskuti.

Nilimbembeleza kila niliyemjua. Wapi. Mwisho nikaenda kwa mume wangu.

"Baba Darrin, njoo kwetu."

"Watu wananitazama," akanong'ona. "Wataniona kigeugeu."

"Wakutazame. Machi nitamuaga mtoto uwanja wa ndege, na wewe utakuwa unaangalia ng'ombe. Leo basi simama."

Nikageuka haraka. Machozi yalikuwa yananijia, na sikutaka kuwapa watu wa Brennick raha hiyo.

Nikiwa katikati ya ukumbi nikasikia chuma kinakwaruza sakafu nyuma yangu.

"Verlyn, choo kiko upande ule," mmoja wa watu wa Brennick akasema, wenzake wakacheka.

Verlyn aliburuta kiti chake mpaka chini ya goli, akakiacha hapo, akasimama kando yangu kwa goti lile lile bovu.

"Nihesabu hapa, LaVonne," akasema. "Mwanangu wanamrudisha Machi."

Tangu barua ya jeshi ije, sikuwa nimemsikia akilitamka jambo hilo. LaVonne alihesabu polepole, kisha akainua kidole gumba. Jamani, tulipiga kelele. Tulirukaruka, wazee wazima, tukakumbatiana na makoti yetu mazito, na wawili wa Brennick wakaja kwetu na biskuti zao.

Njiani kurudi nyumbani redio ikasema Haskin ameshika nafasi ya tatu jimbo zima, mbele ya wagombea kadhaa wenye mabasi yao. Mtangazaji alijikwaa kwenye jina lake. Mimi nilicheka mpaka nikalia.

Verlyn akapunguza sauti ya redio.

"Mama Darrin, huyo mtu wetu anaitwa nani vile?"

"Haskin, mzee. Lowell Haskin."

Akalirudia taratibu asije akalikosea.

"Darrin akipiga simu," akasema, "nipe mimi kwanza."