Ulimi wa Mpishi

Shuleni walimwita Ulimi, na hakuchukia. Alikuwa mpishi wa wanafunzi mia nne, na kwa tone moja kiganjani alijua sufuria inataka nini. Ulimi huohuo ulijua pia kusema. Mwalimu mkuu mwenyewe alipita mbali na jiko.

Mwaka ule bahari ilichafuka, ikavuka ukuta, ikapita sokoni, ikajaa mtaa mzima na kukaa siku tatu. Ilipoondoka watu walisafisha visima, wakatia dawa, maji yakarudi kuwa meupe. Wiki ya kwanza yalikuwa na ukali kidogo. Baadaye hakuna aliyelalamika. Binadamu huzoea, hata kile kinachommaliza.

Jikoni shuleni Ulimi alijikuta akipunguza chumvi, kutoka pakiti tatu hadi moja, kisha nusu, na chakula kikakolea vilevile.

"Mkono umekomaa," alijisifu.

Nyumbani, mama yake alikuwa na presha. Daktari alishakataza chumvi, na Ulimi alimpikia chukuchuku. Lakini kila wakienda kliniki presha ilikuwa imepanda zaidi.

"Bibi, unakula chumvi kwa siri," daktari alisema.

"Haki ya Mungu, sili."

Ulimi alimwamini daktari. Alipekua chini ya godoro, akapekua hadi mifuko ya magauni, akatia kufuli kabati la jikoni. Hakupata kitu, na kukosa huko kukamzidishia hasira.

"Mama, na utu uzima wote huo unaiba chumvi?"

"Mwanangu, mimi nakunywa maji tu."

"Basi kunywa maji, uache uongo!"

Na mama, ili aaminike, akazidi kunywa maji.

Mwezi uliofuata alianguka barazani. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakaenda nao. Kaka mdogo wa Ulimi, dereva wa lori anayeishi bara, alifika kesho yake, akapewa maji ya kunywa. Aliyatema palepale.

"Dada, mnakunywa nini? Haya si maji ya bahari?"

Ulimi akayaonja. Akaonja tena. Kwake yalikuwa maji tu. Hapo akazikumbuka pakiti za chumvi za shuleni. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Hukuiba. Hukunidanganya."

Mama alimtazama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na binti huyu alijikwaa ulimi wa kuonja na wa kusema kwa pamoja.

Kaka aliacha madumu mawili ya maji ya bara kutoka kwenye lori lake, akaahidi kurudi Jumamosi na pipa zima. Ijumaa bahari ikapanda tena, ikaondoka na daraja la kwenda bara. Visima vya mtaa vyote vilikuwa hali moja, na mvua haikuwa na habari. Ulimi akampimia mama kijiko kwa kijiko, yeye mwenyewe akinywa ya kisimani, mpaka madumu yakakauka.

Jumatano midomo ya mama ilikuwa imepasuka. Ulimi akateka kisimani, akayachemsha kwa kuwa hakujua la kufanya lingine, akayapoza, akamwinua kichwa. Mama akanywa kikombe chote, kisha akanyoosha ule mkono uliobaki na uhai, akaomba kingine.