Banda Jeusi

Mshonaji alikuwa hayupo nyumbani kwa siku tano tu, amekwenda kumuuguza mdogo wake aliyejifungua kwa upasuaji. Alirudi saa saba mchana, jua limesimama utosini. Hakuingia ndani hata kutua mkoba. Alipita ubavuni mwa nyumba moja kwa moja hadi uani, kuwaona kuku wake.

Banda lake halikuwepo.

Lile banda alilijenga kwa mikono yake mwenyewe, na lilimchukua karibu mwezi mzima. Paa lilikuwa la nyasi nene. Kuta mbili zilikuwa za wavu, upepo uingie huku utokee kule. Upande wa magharibi, jua linakochapa alasiri, alitundika magunia ambayo aliyalowanisha kila siku saa tano, na juu yake alikuwa ametambaza mpasheni ukafanya kivuli kizito. Watu walimcheka kwamba kuku wake wanaishi vizuri kuliko yeye. Alikuwa akiwajibu kwamba wao wamevaa koti la manyoya na hawana pa kulivulia.

Sasa mahali pale palisimama sanduku. Juu bati, pembeni bati, mlango bati, na lote limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Dirisha lilikuwa moja, ukubwa wa daftari. Mlangoni kufuli. Ubavuni, kwa herufi nyeupe zilizonyooka vizuri, paliandikwa namba ya simu ya mumewe. Mpasheni ulikuwa umekatwa na kulazwa ukutani, majani yamekwisha kunyauka.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani walimwita Cheche.

Mshonaji alisimama akasikiliza. Kuku thelathini na wawili, wala hapakuwa na hata mmoja anayelia. Alichungulia dirishani, na joto likampiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya ugali. Ndani, kuku walikuwa wamejibana chini, midomo wazi, wanahema kwa shingo nzima, mbawa wameziachanisha na mwili. Wengine walilala ubavu.

"Nilimwambia," ilisema sauti nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni na ndoo ya maji. "Nilimwambia, mwanangu, hao ni kuku, si mikate. Akanijibu mama wewe mambo ya kisasa huyajui. Tangu asubuhi nawamwagia maji kwa hicho kidirisha, mkono wenyewe haupiti vizuri."

"Ufunguo uko wapi, mama?"

"Kaondoka nao mfukoni. Anasema wezi."

Mshonaji alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikaita. Alimjua mumewe: akishika mashine ya kukatia chuma, hata radi haisikii. Basi akarusha mkoba chini, akaenda stoo, akatoka na mtaimbo.

Hakumpigia tena. Alichomeka ncha ya mtaimbo kwenye ukingo wa bati, akaegemea kwa uzito wake wote. Skrubu ya kwanza iliruka. Ya pili ikaruka. Bati lilikuwa la moto kiasi kwamba alipolishika kulivuta liliacha alama nyekundu kwenye viganja, naye alilivuta hivyo hivyo, meno ameyauma, machozi ya hasira yanamtiririka wala hana muda wa kuyafuta. Bati likang'oka na kuanguka kwa kishindo.

"Beseni," alisema. "Zote, mama. Maji ya kawaida, si ya friji, yatawashtua mioyo. Miguu tu na chini ya mbawa."

Walifanya kazi bila kuzungumza. Waliwatoa mmoja mmoja, wakawatumbukiza miguu majini, wakawalaza kwenye kibaraza penye sakafu ya saruji na upepo. Mama mkwe alikoroga maji na sukari kidogo na chumvi, akawa anawachovya midomo. Waliokuwa na nguvu walikunywa. Wengine vichwa vilianguka mkononi.

Walipokuwa katikati ya kazi hiyo geti likafunguka. Cheche aliingia akicheka, pamoja na bwana mmoja aliyevaa kofia ya pama.

"Sasa hili hapa ndilo nililokuwa nakuambia," alikuwa akimwambia yule bwana. "Kazi safi, mwizi hapenyi, mvua hai..." Akaona bati limelala chini. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema mshonaji. Hakuinuka.

"Mke wangu, nimehangaika siku nne na lile banda. Nilitaka ukirudi ukute zawadi."

"Wamekufa tisa. Wanaweza kufika kumi na moja."

Cheche alitazama kibarazani, kisha akamtazama mteja wake. "Joto la siku hizi kila mahali linaua kuku," alisema.

Hapo mshonaji akainuka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile haikupanda hata kidogo.

"Fungua kufuli."

"Ya nini?"

"Fungua uingie. Nitaliegemeza hili bati mahali pake. Ukae humo kwa muda ambao mgeni wetu atakunywa glasi ya maji, taratibu. Ukitoka mkavu, nitakuomba radhi mbele yake."

Angeweza kukataa. Lakini mteja alikuwa amekunja mikono akisubiri, na Cheche hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mteja. Alifungua, akainama, akaingia. Mshonaji na mama mkwe walilisimamisha bati. Bwana wa kofia alipewa maji, akanywa funda moja, la pili. Glasi haikufika nusu, mlango ukapigwa teke. Cheche alitoka shati limemganda mgongoni, uso umemvimba, akashika ukuta kupata pumzi.

"Mimi nilikuwa nataka la kuku wa mayai," alisema yule bwana kwa upole, akirudisha glasi. "La kuku wa kuoka silihitaji." Akaaga akaenda zake.

Mama mkwe aligeuka upande akakohoa ili asicheke. Mshonaji hakucheka. Alimpa mumewe jembe.

"Shimo liwe refu, mbwa wasifukue."

Alichimba. Walikuwa kumi, maana mmoja alikufa jua lilipokuwa linapoa. Alipomaliza alitaka kusema neno, lakini mkewe alikuwa amekwisha kuingia ndani na kukaa kwenye cherehani.

Kwa wiki mbili kuku waliobaki hawakutaga hata yai moja, na kwa wiki mbili hizo mshonaji alimpakulia mumewe chakula bila kuongea naye. Cheche alikata kuta mbili akafunga wavu bila kuambiwa. Alirudisha nyasi juu ya bati. Namba ya simu aliipaka chokaa pamoja na kuta zilizobaki. Siku moja alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mlango uelekee wapi?" aliuliza.

Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kumuuliza kitu cha namna hiyo. Mshonaji alimaliza mshono wake, akakata uzi.

"Kaskazini. Na usiwe wa chuma."

"Wa mbao?"

"Wa mbao. Kufuli nitatafuta mwenyewe."

Cheche alitikisa kichwa kukubali, akaenda kutafuta mbao. Mshonaji aliweka kitambaa kingine chini ya sindano. Bado alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuifanyia haraka.