Kutu Chini ya Rangi ya Njano

Kaka alikuwa ameshawasha gesi ya kukatia chuma niliposimama kati yake na gari.

"Haikatwi," nikamwambia. "Nataka itoke nzima."

Mwali ulikuwa ukinguruma mkononi mwake. Alinitazama kwa ile subira ya mtu anayembembeleza mtoto aliyegoma kuoga.

"Mdogo wangu, hiyo imeng'ang'ania. Tuikate, tufunge mpya, tuimalize hii aibu."

Aibu aliyoisema ilikuwa yangu, na gereji nzima ilijua hivyo. Gari lililokuwa juu ya jeki lilikuwa la mkunga, mama ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mitaa ile, nami nikiwa mmoja wao. Alikuwa ametuletea gari kwa sababu usukani ulikuwa unachezacheza. Kilichokuwa kimechoka ni tairodi, kile kiungo kinachopokea amri ya usukani na kuifikisha kwenye gurudumu la mbele. Tukamrudishia gari, tukamwambia kiungo ni kipya, aende kwa amani. Haukupita muda mrefu, akiwa anateremka mlima kwenda kazini, kichwa cha mviringo cha kiungo kikachomoka kwenye kikombe chake. Usukani ukawa unazunguka bure. Gari likajibamiza ukutani, na mkunga akavunjika mkono wa kulia.

Baba alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote. Ukikaza nati ya usukani au ya breki, unaipaka rangi yako, ili kesho na keshokutwa ijulikane nani aliikaza. Yeye alikuwa na nyekundu, kaka buluu, mimi njano. Gari la mkunga lilipovutwa hadi kwetu, mguu wa kile kiungo, ule wenye kichwa kilichochomoka, ulikuwa bado umekwama kwenye sikio la chuma la gurudumu, na nati yake ilikuwa njano tupu.

Nilitafuta kichwani siku ambayo niliifanya kazi ile, nisiione. Lakini gereji ilikuwa imejaa kazi msimu ule, na rangi ilikuwa pale, haina mdomo wa kubishana. Basi nikaiamini rangi kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Baba alisema neno moja tu, mbele ya wateja: "Usukani na breki, usiguse tena." Nikawa mtu wa kumwaga oili na kuosha vyuma. Waliozoea kuniita Fundi Dada wakaanza kuniita Dada tu, na walipoleta magari yao walimuulizia kaka.

Kaka ndiye aliyenifariji. Alinunua soda, akaketi nami kwenye tairi bovu nyuma ya gereji, akaniambia kila fundi ana siku yake mbaya. Nililia begani mwake, na shati lake lilinuka grisi na sabuni. Ni jambo ninaloona haya kulikumbuka kuliko yote.

Ndiyo maana nilitaka kiungo kile kitoke kizima. Nilitaka kukishika mkononi nione nilikosea wapi. Kama mikono yangu ilikuwa imemvunja yule mama, nilitaka mikono yangu ijue ilivyofanya, isije ikarudia.

"Utakesha hapo," kaka akasema.

"Nitakesha."

Akazima gesi, lakini hakuondoka. Alisimama nyuma yangu akijifuta mikono kwa kitambaa, anafuta na kufuta, mikono yenyewe ilishatakata zamani.

Nikaanza na nati. Niliimwagia mafuta, nikasubiri yapenye, nikavaa spana na kuining'inia kwa uzito wangu wote. Ilipolia na kusogea, rangi ya njano ikabanduka kama ganda la yai. Chini yake sikuona chuma kinachong'aa. Niliona kutu, kutu nene ya miaka, na chembe za mchanga zilizopakwa rangi pamoja nayo. Pembe za nati zilikuwa nzima kabisa, bila hata mkwaruzo wa spana. Na juu ya ile rangi lilikuwa limeganda vumbi la barabarani, pamoja na tope lililokauka.

Mtu mwenye akili timamu angesimama pale pale, maana nati ile haikuwahi kufunguliwa. Mimi niliendelea, kwa sababu mwanafunzi wa kaka haachi kazi katikati. Nati niliiacha imeshika kwenye ncha, ili mguu usiruke na nyuzi zake zisiharibike. Nikabana nyundo nzito upande mmoja wa lile sikio la chuma, nikapiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Hivyo ndivyo alivyonifundisha yeye mwenyewe: usipige kiungo, piga kinachokishika, ukiwa umekibana pande zote mbili, nacho kitashtuka na kuachia. Nilipiga hadi mabega yakafa ganzi. Kisha ukasikika mlio mmoja mkavu, na mguu ukaanguka, ukaning'inia kwenye nati.

Niliumalizia kuutoa, nikaupangusa. Ulikuwa mwekundu kwa kutu mpaka ile sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya tundu. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuugusa tangu gari lilipoundwa, si wangu wala wa mwingine.

Nilikaa sakafuni. Kama mtu angenisingizia baada ya ajali, kwa woga, labda ningeweza kuimeza. Lakini vumbi lilikuwa juu ya rangi. Mtu alikuwa amechovya brashi kwenye kopo langu siku ile ile ya kazi, mkunga akisubiri nje na mkoba wake, akapaka kutu, akatoa gari. Jumba bovu aliliandaa kabla, akabaki kungoja siku ya kuniangushia.

"Iligoma," kaka akasema nyuma yangu, taratibu. "Nilihangaika nayo ikagoma, na mama wa watu alikuwa na haraka. Nilisema nitamwita baadaye, niifanye vizuri."

Pembe za nati zilikuwa zimeshamkana, lakini sikubishana naye kwa hilo.

"Mbona njano?"

Alikikunjua kile kitambaa, akakikunja tena.

"Wewe ungesamehewa," akasema. "Wewe ni kitinda mimba. Mimi Baba angenifukuza."

Miaka mingi imepita. Nina gereji yangu sasa, na ninaajiri mafundi, na nimesikia uongo wa kila aina kutoka kwa watu waliolala chini ya magari. Bado sijasikia ulionichoma kama ule ukweli wa kaka. Alikuwa amenipima, akaona upendo wa Baba kwangu ni mkubwa, akaamua kuutumia yeye.

Nikaubeba ule mguu wa kiungo hadi kwenye chumba cha nyuma, Baba alipokuwa akinywa chai yake. Nikauweka juu ya meza. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha, furaha ya mtu anayekwenda kurudishiwa jina lake.

Baba hakuugusa. Hakuugeuza wala hakuvaa miwani.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Nilijua."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu walipolivuta hapa. Nilipiga magoti nikaangalia. Kutu imevimba chini ya rangi, fundi wa umri wangu haimpiti." Alikisogeza kikombe pembeni. "Kaka yako ndiye atakayeishika gereji hii. Wateja wakipoteza imani naye, tumekwisha sote. Wewe ni mtoto wa kike, mwanangu. Utaolewa, utakwenda zako. Litasahaulika."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Siku zote zile alikuwa amenitazama nikiosha vyuma na kumwaga oili, nikijichunguza vidole kana kwamba si vyangu, naye akinywa chai yake huku anajua. Nikauchukua ule mguu wa kiungo, nikatoka.

Kaka alikuwa ameshaingia chini ya gari jingine. Nilipopita alinyoosha mkono nje, kiganja wazi, kama alivyofanya tangu utoto wetu.

"Nipe kumi na saba."

Nikampa spana. Mkono wangu ulimtii kabla mimi sijaamua.

"Asante, mdogo wangu."

Nikanawa, nikavua ovaroli, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mkunga. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani, akauliza hali ya Baba. Nikauweka ule mguu wa kiungo juu ya gazeti ili nisimchafulie meza, nikamweleza habari ya rangi na kutu tangu mwanzo, ila sikumtaja mtu. Kisha akauliza ni nani, basi, aliyelitengeneza gari lake.

Neno kaka lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza, nikamtaja kwa jina lake.